Kichuguu Nyuma ya Mlima

Masasi nzima ilimwita Mama Maabara, na wageni walidhani Maabara ni mwanawe wa kwanza. Fundi mmoja kutoka Dar, kijana mstaarabu aliyekuja kukagua mashine, aliwahi kumuuliza huyo Maabara yuko darasa la ngapi. Mama akamjibu bila kucheka, "Hasomi. Anakula umeme na kunidekea tu." Alikuwa na watoto wa kuzaa, watu wazima wenye majina mazuri ya ubatizo, lakini kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina la hata mmoja wao. Nami nilifanya naye kazi miaka mingi kwa jina hilohilo, na sioni sababu ya kulibadilisha leo.

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, nje kidogo ya mji, upande ambao ukiinua macho unaona mlima Mkomaindo umekaa na mawe yake. Wengine wanabangua korosho. Sisi tulichukua maganda, yale ambayo watu huyatupa au kuyachoma, tukayakamua mafuta yake meusi yanayounguza ngozi. Kuyatoa mafuta yote kwenye ganda kunahitaji dawa ya kuyayeyusha, maji meupe mepesi yanayoitwa heksani, yanayokuja kwa mapipa. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Pipa likishuka, nilichota kidogo kwenye kichupa, nikaandika namba, nikampelekea Mama Maabara, naye akasema kama dawa ni safi au imeingiliwa na kitu. Wanunuzi wa mafuta yetu walikuwa wakali, na dawa chafu ilitosha kuwafanya warudishe mzigo mzima.

Pua yake kwanza, maana ndiyo iliyojulikana kuliko yeye. Mlangoni kwake palibandikwa karatasi: USINUSE DAWA. Aliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, na aliyeivunja zaidi ni yeye. Nilipomletea kichupa alikifungua, akapitisha kiganja juu yake mara moja kama anayefukuza inzi, akatulia. "Hii imelala juani Nanganga," alisema siku moja, na kweli, dereva alipobanwa alikiri kwamba gari liliharibika Nanganga wakashinda pale tangu asubuhi. Nilimuuliza amejuaje. Akasema amemwona dereva amebabuka shingo. Hiyo ndiyo tabia yake iliyonichosha na kunivuta: ulipotaka kumstaajabia alikuonyesha kitu cha kawaida kabisa, na ulipomwona wa kawaida alikuacha mdomo wazi.

Kazini alikataza manukato. Mafuta ya kupaka, sabuni ya kunukia, hata karafuu mdomoni, vyote vilibaki getini. Jumapili sasa, ukikaa benchi moja naye kanisani, marashi yake yalikutoa machozi kabla ya mahubiri kuanza. Nilimtania kwamba analipiza kisasi cha wiki nzima, akasema Mungu hana mashine ya kuharibu.

Mashine yenyewe ilikuwa boksi kubwa kama jokofu fupi, imetumika kwingine kabla ya kufika kwetu, na aliiamkia. Kila asubuhi aliingia, akaweka mkoba, akasema, "Shikamoo, Mzee," ndipo akawasha. Siku za kwanza nilidhani ni mzaha. Nikaingia nikamwamkia yeye peke yake, akaitikia marahaba, kisha akanyamaza akinitazama mpaka nikajikuta naliamkia boksi, mtu mzima na masharubu yangu. Baadaye nikagundua kwamba muda wa salamu, kufuta meza na kupanga vichupa ndio muda ambao Mzee anauhitaji kupata joto sawasawa. Ila nikimwambia hivyo alikuwa akikataa. "Ni heshima tu," alisema.

Mimi ni mtu wa kudadisi, sikai na kitu nisichokielewa. Nilimsumbua mwezi mzima anieleze kilichomo ndani ya boksi lile. Ndani kuna tanuri, na ndani ya tanuri kuna mrija mwembamba kama unywele mnene, mrefu sana, umeviringishwa. Unadunga tone dogo la dawa kwa sindano, joto linaligeuza mvuke, gesi inalisukuma kupita mrija wote. Nikauliza, sasa mrija unajuaje nani ni nani?

"Haujui," akasema. "Baba Rehema, umeshapanda Newala kwa baiskeli?"

"Nimepanda, Mama. Nilishuka nikasukuma."

"Haya. Mnaondoka hapa chini watu kumi, saa moja. Kuna asiyesalimia mtu, huyo anapita tu, anafika Newala wa kwanza. Kuna anayesimama kila nyumba, shikamoo, marahaba, habari za huku, mbaazi zimekubali? Huyo anafika jua limepanda. Mrija ndiyo njia, na nyumba zimejaa pande zote. Heksani haisalimii. Vilevi vinasalimia mno."

Mwisho wa mrija kuna kimoto kidogo. Kila anayefika anaungua pale, na karatasini unachoreka mlima. Aliyefika kwa wingi mlima wake mkubwa, aliyefika kidogo mlima mdogo. Heksani ilichora mlima mrefu uliochongoka, naye aliuita Mkomaindo. Halafu pembeni, chini kabisa, palikuwa na vijinundu ambavyo mimi nilidhani ni kutetemeka kwa kalamu. Hivyo aliviita vichuguu. "Mkomaindo kila mtu anauona, hata aliye kwenye gari," alisema. "Mimi nimeajiriwa kwa ajili ya vichuguu." Neno likaenea kiwandani. Mtu akiwa na kasoro ndogo anayoificha, tulisema ana kichuguu.

Lakini Mzee hakutaja majina, na hili Mama alilirudia hadi likanichosha. Mashine inakwambia kuna mtu amefika dakika fulani, basi. Ukitaka kujua ni nani, lazima umtafute unayemshuku, umpitishe peke yake kwenye mrija uleule, uone kama naye anafika dakika ileile. Huyo alimwita shahidi. Alikuwa na kabati zima la mashahidi kwenye vichupa vidogo: spiriti, mafuta ya taa, petroli, dawa ya kutolea rangi. Bila shahidi hakuandika jina, hata meneja angekuja kupiga meza. Aliandika: kichuguu, dakika fulani, asili haijulikani.

Na kabla ya kudunga chochote, alidunga hewa tupu akakaa kusikiliza, ndivyo alivyosema, kama nyumba imenyamaza. Jumatatu moja nyumba haikunyamaza. Hewa tupu ikachora kichuguu. Alizunguka kiwanda siku mbili, mikono nyuma, pua mbele, akinusa kuta, nguo za watu, mfereji, mpaka nyuma ya maabara akakuta mlinzi amepaka baiskeli yake rangi ya kijani na kuianika chini ya dirisha. Mlinzi alianza kuomba radhi akidhani amefukuzwa. Mama akampa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, aliyokuwa amebeba kwenye mkoba, akamwambia rangi imependeza. Mwanamke huyohuyo aliyehubiri usafi, meza yake ilijaa maganda ya ming'oko na kalamu iliyovuja.

Alikuwa Mwanglikana wa kushika dini kwelikweli, kiongozi wa kinamama kanisani, na kileo hakikufika mdomoni mwake. Msimu wa korosho, mabibo yanapooza kila shamba na watu wanakunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, mchana kweupe, alipita na uso umekunjwa kuanzia kiwandani hadi kwake. Kuhusu nipa, ile pombe kali ya magendo inayochemshwa na kupitishwa kwenye bomba, hakutaka hata jina lake litajwe maabara. Weka hilo akilini, maana nakuja kwenye jambo langu, na sijivunii.

Vichupa vya kuchotea dawa nilivisafisha mimi. Agizo lake lilikuwa visuuzwe kwa spiriti kisha vikaushwe. Spiriti ikaisha. Niliomba iagizwe, ikachelewa, mapipa yakaendelea kushuka. Sasa kwa mtu wa Masasi, spiriti na nipa ya moto wa kwanza, ile ya mwanzo kabisa inayotoka bombani na kuwaka ukiitia kiberiti, tofauti yake ni chupa tu. Watu wanasafishia vidonda, wanatolea madoa. Na mama mkwe wangu, kule Chiungutwa, alikuwa mpishi wa nipa, mwenye chungu chake mwenyewe. Ndiyo iliyomsomesha mke wangu. Nikamwambia mke wangu aniletee chupa mbili kila mwezi, za kwanza kabisa, wala asimweleze mama yake ni za nini. Nilimwonea haya. Ningeanzaje kumweleza mkwe habari za nipa, mimi na yeye, watu ambao hata chakula hatukuwahi kula tukitazamana?

Ninachokumbuka ni kwamba tangu hapo mama mkwe alianza kunitazama kwa huruma. Nikienda kumsalimu aliuliza afya yangu mara tatu, na kwa mke wangu aliagiza nile vizuri. Sikuelewa, nikaona ni upendo.

Mapipa yalipozidi, nikawa sivikaushi vizuri vichupa, kikaja kichuguu. Mzigo mpya wa heksani, mapipa kumi na mawili, kila kichupa nilichopeleka kilionyesha kichuguu kilekile nyuma ya Mkomaindo. Muuzaji akaapa kwamba dawa iliondoka kwake safi, kwa hiyo imeharibiwa stoo. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alihesabu kwa vidole: funguo za stoo ni za nani? Akaniambia mbele ya watu kwamba nauza heksani kwa wapaka rangi na kujazia uchafu, nikae nyumbani mpaka uchunguzi umalizike, na ukithibitisha hilo nitakwenda polisi. Nilikuwa na watoto wanne na jina ambalo baba yangu aliniachia likiwa safi.

Siku ya tatu Mama Maabara alikuja kwangu. Alikaa barazani, akakataa chai.

"Nimechota upya mwenyewe," alisema, "kwa vichupa vipya vya kwenye boksi. Mapipa ni safi yote. Kichuguu kimo kwenye vichupa vyako. Umeosha na nini, Baba Rehema?"

"Spiriti, Mama."

"Spiriti ya hospitali huja peke yake. Huyu ana msafara wa vichuguu vidogo. Mmoja katangulia, wawili wanamfuata nyuma wakisalimia kila nyumba. Umeosha na nini?"

Nikatazama chini. Kusema nipa kulikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa swali litakalofuata, imetoka kwa nani, na meneja alikuwa ameshataja polisi. Wangefika Chiungutwa, wangevunja vyombo vya mama mkwe mbele ya majirani, wangemweka yule bibi kizee kwenye gari. Na yote kwa sababu mkwewe amejitetea. Nikasema, "Mama, siwezi kusema. Wacha wanifukuze."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. Mama Maabara akatutazama kwa zamu, mimi, yeye, mimi tena, kama anavyotazama karatasi. Akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Kesho yake aliomba ruhusa nusu siku. Watu waliomwona wanasema alipanda bodaboda, na jioni alishuka sokoni, katikati ya watu waliokuwa wakinunua dagaa, akiwa amekumbatia mkoba unaochuruzika. Kifuniko kilikuwa kimelegea njiani. Kiongozi wa kinamama alinuka nipa kuanzia kifuani hadi miguuni, na badala ya kwenda nyumbani kwa aibu alikata moja kwa moja hadi kiwandani, akaweka chupa mezani, akaiamkia mashine.

Shahidi alifika dakika ileile. Msafara wake pia, mmoja mbele, wawili nyuma. Akaandika ripoti: mapipa ni safi, uchafu ni nipa iliyotumiwa kusuuzia vichupa, hakuna dalili ya wizi. Mahali pa kuandika shahidi ametoka wapi aliandika, "Ameletwa na mimi mwenyewe." Meneja akataka kujua ameipata kwa nani. Nilikuwepo, nimeitwa kusomewa. Mama akamjibu, "Mheshimiwa, swali lilikuwa chupa. Halikuwa chungu."

Nikarudishwa kazini na barua ya onyo, na spiriti ikaagizwa siku hiyohiyo.

Kanisani hawakuwa na ripoti, walikuwa na pua. Wiki haikwisha kabla wazee hawajamwita. Wakamuuliza, akasema ni kweli alikuwa na nipa, hakuinywa, na zaidi ya hapo hana maelezo. Wakampumzisha uongozi mpaka atakapoeleza, naye hakueleza. Jumapili zilizofuata alikaa benchi la nyuma kabisa, marashi yake hayatufikii tena sisi wa mbele. Mimi nilikuwa wa mbele. Nilikuwa naimba. Nilijua neno moja ambalo lingemrudisha kwenye kiti chake, na kila Jumapili nilijiambia nitalisema ijayo, halafu nikimwona mama mkwe machoni mwangu nalimeza. Haya hiyo sijaizoea hadi leo.

Kazini hakunionyesha chochote. Aliendelea kunifukuza nikiingia na sabuni ya kunukia. Mama mkwe naye, cha ajabu, tangu msimu ule aliacha kunihurumia. Alianza kunichinjia kuku.

Mama Maabara alistaafu, akahamia Newala kwa binti yake. Mama mkwe akafariki. Tulipomaliza arobaini yake nilikaa na akili yangu, nikaona sasa hakuna wa kumlinda, kilichobaki ni mimi tu. Ilinichukua msimu mwingine mzima kupanda Newala.

Nilimkuta uani, ukingoni mwa tangi la maji ya mvua. Newala maji ni kitu cha kutazamwa, na yeye alikuwa akilitazama, ameketi kwenye kigoda, amepungua mwili. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitaja jina kabla sijakaribia, ila safari hii alinijua kwa sauti. Alisema pua imekufa. "Imekwisha kabisa. Binti yangu anaunguza mboga mimi nimekaa palepale." Alisema hivyo kama anayeripoti, lakini mkono wake ulishika ncha ya pua na kukaa hapo.

Nikamwambia kilichonileta. Nikasema nataka kushuka naye Masasi, nisimame kanisani, niseme nipa ilikuwa ya mama mkwe wangu na makosa yalikuwa yangu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Uongozi waliniomba niushike tena zamani, baada ya mwaka mmoja. Nikakataa. Benchi la nyuma hakuna anayekwambia uandike mihtasari." Kisha akanigeukia. "Na hiyo habari ya mkwe wako unaniambia mimi? Unadhani shahidi nilimtoa wapi?"

Sikumwelewa.

"Baba Rehema, kila chungu kina msafara wake. Mwingine anatia hiki, mwingine bomba lake la hivi. Ningepeleka nipa ya mtu mwingine, vile vichuguu vidogo vingekuwa vingine, na meneja angesema haifanani. Nilikwenda kwenye chungu chenyewe. Mkeo alipokuwa akilia pale mlangoni nilijua ni cha nani. Mimi kwetu ni Chiungutwa. Mama yangu alipika pamoja na mama mkwe wako, mimi nikishika bomba. Huko ndiko nilikojifunza nani hutoka wa kwanza."

Nilikaa chini, kwenye udongo.

"Nilimwambia yote," akaendelea. "Kwamba mkwe wake yuko tayari kufukuzwa na kwenda polisi kuliko kumtaja. Unajua alisema nini? Alisema, 'Mungu wangu, na mimi nikidhani anazinywa! Chupa mbili kila mwezi, nikamlilia mwanangu kwa kuolewa na mlevi.' Akajaza chupa mwenyewe. Akasema chukua, na wakiuliza nitaje. Nikamwambia kwa nitakavyowajibu hawatauliza tena. Akaniapisha nisikwambie, usije ukamwonea haya."

Wale kuku wote. Nilifunika uso kwa mikono nikalia, na sikujali kwamba binti yake alikuwa akipita na ndoo.

Mama Maabara akainuka polepole, akaingia ndani. Alirudi na kichupa kidogo cha maabara, kizibo chake kimezungushiwa utepe, na karatasi iliyofifia yenye mwandiko wake: SHAHIDI. Ndani palikuwa na maji meupe, nusu kidole.

"Walipovunja kabati la mashahidi nilimchukua huyu tu," alisema. "Nikimfungua sasa sisikii kitu. Sijui kama nimetunza nipa au nimetunza maji. Wewe pua unayo. Nusa uniambie, na usinifurahishe. Niambie kilichomo."

Nikafungua utepe. Nilifanya alivyonifundisha, kiganja juu mara moja. Ilikuja yote: mabibo makavu, moshi, chuma cha lile bomba, na nyuma kabisa, kidogo mno, tangawizi ambayo mama mkwe alitia na kukana kwamba anatia.

"Yupo, Mama," nikasema.

"Na msafara wake?"

"Na msafara wake."

Akanyoosha mkono nimrudishie kichupa na kizibo chake. "Basi tumfunge haraka," alisema, "anatoroka huyo."